Kamba ya Ndama wa Yangshuo

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa juu ya Ukuta Mkuu wa China, nimeshika chupa mbili za maji, namngoja Papa amalize ngazi. Nilidhani anataka kujua kama tumefika salama. Akaniuliza, "Uko peke yako?" Hapo nikajua si salamu.

"Papa iko chini kidogo, anapumuzika."

"Basi sikiliza, na usilie. Ngombe balizibeba. Zote. Jana, na jua linawaka. Mimi nilikuwa nimeshuka ku soko ya Ngungu. Muchungaji wetu wa ngombe alikimbia na muguu, tuko naye huku Sake."

Watu wenye bunduki walikuwa wamepanda kilima chetu kule Masisi, wakafungua zizi, wakaondoka na kila kitu chenye kwato. Idadi siisemi. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, na sitaanza leo, hata kama hakuna tena cha kuhesabu.

"Usimuambie," kaka akasema. "Unajua ile tansio yake, ile presha. Itamuangusha kule, na kumurudisha muntu mu sanduku kutoka China, nani ataweza? Arudi kwanza. Tutamuambia hapa, na pasta akiwa pembeni."

Nikasema sawa. Nilisema upesi, kama mtu anayekubali kushikiwa mzigo kumbe yeye ndiye anayebebeshwa.

Papa akatokea kwenye ngazi, kofia imelowa jasho, fimbo yake mkononi. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mfugaji tangu akili imjie, na hakuwahi kwenda mbali kuliko Bukavu. Mimi naishi Guangzhou, ule ulikuwa mwaka wa saba, nawatafutia wafanyabiashara wa Goma bidhaa na kuzipakia kwenye kontena. Miaka yote hiyo nilikuwa na ndoto moja, kumtembeza baba yangu. Nimwonyeshe majumba, nimpandishe treni, apumzike kidogo na matope ya kwetu. Nilihangaikia viza yake hadi nikagombana na watu wa ofisi tatu. Kugombana ninaweza, nilizaliwa na ulimi mkali, Mama alisema niliutoa tumboni.

Alisimama akaangalia ule ukuta unavyopanda na kushuka milima, akakubali kwa kichwa. "Balijenga juu ya kuzuia nani?"

"Watu wa kaskazini, Papa. Walikuwa wanakuja na farasi kupora."

"Na ulibazuia?"

"Mara zingine."

Akafikiri. "Ngombe zao zilikuwa ndani ya ukuta, ao inje?"

Nikampa maji. Nikamwambia anywe yote, jua ni kali.

Kuanzia siku hiyo nilitembea China nikiwa na moyo mkononi. Watu huuliza, ulifurahia safari na mzee? Nilifurahia, nasema, na ni kweli kwa kiasi fulani, kama mtu anavyofurahia harusi huku kiatu kinambana. Shida ilikuwa saa sita ya mchana. Saa sita ya China ni saa kumi na mbili asubuhi ya kwetu, saa ambayo kukamua kumekwisha na maziwa yako kwenye mitungi. Papa hangekosa saa hiyo hata angekuwa mbinguni. Popote tulipokuwa, mchana ukifika, alinyoosha mkono: "Nipatie kaka yako."

Kaka ni mtu wa mjini. Anatengeneza simu Goma. Papa alimwachia kilima kwa wiki tatu tu, akimwomba asiguse kitu, amwache mchungaji afanye kazi yake. Sasa alipaswa kumweleza Papa kila asubuhi habari za ng'ombe ambao hawapo. Papa aliwaulizia mmoja mmoja. Ile ya pembe moja imekula? Ile nyeusi inayopenda kuvuka kwenye maharagi ya watu, imefungwa? Mimi nimekaa kando, simu imewekwa sauti ya juu, naomba Mungu kaka asiongeze chumvi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila wahenga hawakujua treni ya mwendo kasi. Yetu ilitoka Beijing hadi Xi'an bila kukatika.

Tulitembelea jumba la wafalme kule Beijing. Papa alizunguka nyua zile zote, akapita milango mikubwa myekundu, akauliza zizi liko wapi. Nilimwambia sioni zizi. "Mufalme gani hana ngombe," akasema, akakaa kwenye ngazi za mawe na kuwaangalia watalii kwa huruma. Niliangua kicheko, kisha nikakumbuka. Kwenye kila stesheni fimbo yake ilipitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na yeye akiisindikiza kwa macho hadi itokee upande wa pili. Ilikuwa ya baba yake. Nilibishana na mlinzi mmoja mpaka watu wakakusanyika, na Papa akanituliza: "Mwache, anafanya kazi yake." Hakujua kwamba hasira ile haikuwa ya mlinzi.

Xi'an ndipo tulipoharibu. Tulikwenda kuona wale askari wa udongo waliozikwa na mfalme wao, maelfu wamejipanga ndani ya shimo. Papa hakuwaangalia sana. Alisema askari amewaona wa kutosha, tena hao hawakuhitaji kufukuliwa. Ila mbele ya farasi wao alisimama muda mrefu. "Mwenye alitengeneza huyu alilala na wanyama," akasema. "Angalia sikio." Kisha akaangalia saa yake, akanyoosha mkono.

Kaka alikuwa ameshatoka Sake na kurudi Goma. Nilisikia honi za pikipiki nyuma yake.

"Hiyo kelele ni ya wapi?" Papa akauliza.

"Niko mu barabara, Papa. Napeleka maziwa."

"Ile ya madoa ilitoa maziwa ngapi leo?"

"Litre ine," kaka akasema bila kusita. "Ine na kidogo."

Papa alikaa kimya. Mimi ni mtoto wa zizi, nilijua papo hapo. Ng'ombe wa madoa alikuwa na mimba kubwa. Papa mwenyewe alikuwa ameacha kumkamua kabla ya kusafiri. Asingetoa hata tone, sembuse lita nne. Kaka hakulijua hilo kwa sababu hajawahi kuweka kichwa chake kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Ni vizuri," Papa akasema mwishoni. "Salimia muchungaji." Akanirudishia simu, akauliza tutakula wapi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kile cha Papa nilikisikia kwenye mifupa. Nilimwangalia alivyokuwa anakula tambi zake taratibu, akizizungusha kwenye uma niliomwombea, nikajiuliza: amejua, au amedhani mwanawe ni mjinga? Sikuthubutu kuuliza. Ukiuliza, umeshajibu.

Kuanzia kesho yake hakuomba tena simu saa sita. Alisema chaji ya mtu si ya kuchezea. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilianza kumpima presha asubuhi na jioni kwa kile kimashine nilichomnunulia, na yeye akanyoosha mkono bila neno, kama mnyama mpole anayechanjwa.

Tukashuka kusini, Guilin, halafu Yangshuo. Hapo ni mashambani, na hapo Papa alifufuka. Milima ya kule si kama yetu. Imesimama mmoja mmoja, imechongoka, na katikati yake ni mashamba tambarare ya mpunga na mto Li unapita polepole. Lakini kulikuwa na nyasi. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi na harufu ya samadi. Tulipanda chombo cha mianzi mtoni, na Papa akavua viatu akaweka miguu majini. Akaniambia kwamba Mama angependa hapa. Hakuwa amemtaja Mama tangu tulipomzika. Nilitaka kumwambia siku hiyo, naapa, maneno yalifika kwenye meno. Nikayameza. Kesho yake jioni tulipaswa kupanda treni ya Guangzhou, na keshokutwa ndege. Nilijiambia: imebaki kidogo.

Siku ya kuondoka, dereva wa gari la kutupeleka stesheni alikuwa ameniambia tusikawie, njia ina foleni. Papa akaomba tushuke mtoni mara moja ya mwisho. Pale ukingoni alikuwapo mzee mmoja mwenye kofia pana ya mianzi, na nyati-maji wake jike, na ndama. Wale wanyama wana pembe zilizolala nyuma na ngozi ya rangi ya majivu. Papa aliamua tangu siku ya kwanza kwamba ni ng'ombe tu, ila wamepotewa na adabu. Kazi ya mzee yule nilikuwa naijua. Kuna wengi kando ya mto ule. Mtalii anapiga picha na mnyama, anatoa chochote, basi.

Simu yangu ikalia, dereva anauliza tuko wapi. Nikasogea hatua kumi hivi kumjibu. Nilipogeuka, Papa alikuwa ameinama kwa ndama. Alimpitisha mkono mgongoni, akamfungua mdomo, akamtazama nyuma ya mkia. Jike. Mzee wa kofia aliona mikono inayojua, akacheka kwa furaha. Akafungua kamba ya ndama kutoka kwenye mti, akaishika kwa mikono yote miwili kama Wachina wanavyompa mtu kitu kwa heshima, akaiweka viganjani mwa Papa. Kisha akarudi nyuma hatua tatu.

Alirudi nyuma ili asionekane kwenye picha. Lakini kwetu, kwenye milima ya Masisi, ng'ombe hutolewa hivyo hivyo. Mtoaji anakuwekea kamba mkononi, kwa mikono miwili, na anarudi nyuma kuonyesha kwamba mkono wake umetoka. Hakuna karatasi. Kuanzia saa hiyo ninyi ni ndugu, watoto wenu wanaheshimiana, na ukimtukana ni sawa na kumtukana baba yako. Kukataa ni tusi kubwa. Mlango ni mmoja tu: mwenye ng'ombe nyumbani anaruhusiwa kusema, kwangu wapo, mpe asiye nao. Asiye na ng'ombe hawezi kusema hivyo. Anayesema uongo juu ya ng'ombe, ng'ombe humkimbia, yeye na watoto wake.

Nilipofika karibu, Papa alikuwa ameshavua kofia. Alikuwa anamshukuru yule mzee kwa Kinyarwanda, lugha ya watu wetu, maneno marefu ya zamani ambayo niliyasikia mara mbili tu utotoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mbele ya watu wengi. Mzee wa Kichina alisikiliza huku anatabasamu. Halafu Papa akanigeukia.

"Umuambie asante sana. Nimeona roho yake. Lakini mimi niko na ngombe kwetu. Ampatie muntu mwenye hana." Akanyoosha kamba kumrudishia.

Nikafungua mdomo. Kichina chote nilichonacho kilikuwepo, sentensi ilikuwa rahisi, mtoto wa darasa la kwanza angeisema. Mzee alinitazama, akingoja. Papa alinitazama. Simu ilianza tena kulia mfukoni. Ningeweza kusema neno lolote kwa Kichina, ningesema hata bei ya viazi, Papa asingejua tofauti. Lakini ningesema nikiwa nimesimama katikati ya wazee wawili na kamba ya mnyama hai, na uso wangu haukukubali.

"Mbona unanyamaza?" Papa akasema kwa upole. "Hilo neno haliko mu Kichina?"

"Liko, Papa."

"Sasa?"

Machozi yalinitoka kabla ya sauti. Nilichukia kulia pale, mbele ya mtu wa picha.

"Zilienda?" akauliza.

"Zilienda, Papa."

"Zote?"

"Zote."

"Tangu siku gani?"

"Tangu siku ya ule ukuta."

Niliona midomo yake ikihesabu siku. Nilikuwa tayari kumdaka. Nilishaweka mguu mmoja mbele. Akauliza, "Na muchungaji?"

"Muzima. Alikimbia. Kaka naye muzima."

"Mungu asifiwe." Akavaa kofia yake, akaivua tena, kama hakujua kichwa kiko wapi. Kamba ilikuwa bado katikati yao, mkono wa mzee wa Kichina umeshaigusa. Papa akaivuta. Hakuivuta kwa nguvu. Aliirudisha tu kwenye kiganja chake, akakunja vidole.

"Basi umuambie nakubali," akasema.

Mpaka leo sijui kama alinitega. Kama ile sentensi ya kwanza alinipa makusudi, aone kama nitaibeba. Sijamuuliza.

Nilimgeukia mzee wa kofia. Nilimwambia kwa Kichina kwamba baba yangu amefurahi sana kupiga picha na mnyama wake. Akasema karibu sana, akanionyesha kibao cha kulipia kwa simu kilichoning'inia shingoni mwa nyati. Nikaweka simu mbele ya kibao, ikalia kidogo, nikawa nimelipa. Papa aliona nimeinua simu, akadhani nampiga mzee picha; nikampiga Papa mwenyewe moja, na ndama wake.

"Anasema nini?"

"Anasema sawa, Papa. Anasema karibu."

"Umuambie njia ya kwetu iko mbaya, ngombe hii haiwezi kufika Ngungu. Anichungie. Ikizaa, tutaongea."

Nikamwambia mzee kwamba baba anamwomba amtunze ndama huyu vizuri. Akaitikia kwa nguvu, bila shaka, bila shaka. Na Papa akachukua fimbo ile, fimbo ya babu yangu, iliyovuka viwanja vya ndege vitatu na mashine zote za Wachina, akampa kwa mikono miwili. Nilisema Papa, hapana. Hakunisikia. Mzee wa Kichina alishtuka. Aliigeuza geuza, akaona ilivyong'aa pale mkono unaposhika, na nadhani alielewa kwamba si kitu cha duka. Alikimbia hadi kwenye kibanda chake akarudi na mabalungi mawili makubwa, akampa Papa, mikono miwili naye.

"Umeona," Papa akaniambia. "Huyu ni muntu."

Treni tuliipata milango inataka kufungwa, dereva akinitukana na mimi nikimrudishia yake. Papa alikaa dirishani, balungi moja kwenye kila paja. Milima ilipita, ikaisha, giza la handaki likaja na likaondoka. Alilia bila kelele, akifuta uso kwa kofia. Nilitoa kimashine cha presha, akakisukuma kando.

"Ilikuwa juu ya tansio yangu?"

"Ndiyo, Papa."

"Ile ya madoa ilikuwa karibu kuzaa. Kaka yako anasema litre ine." Akatikisa kichwa. "Nilijua kuko kitu. Nilikuwa nalala na kile kitu, sijui jina yake. Hiyo njo ilikuwa inaniua, si ngombe." Akanishika mkono. "Mutoto wangu, usinifiche tena kitu. Hata kibaya namna gani. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa," nikasema, na mabalungi yale mawili yalikuwa yananitazama.

Huu ni mwaka wa pili anaishi Goma, nyumba ya kupanga, na kilima bado hakifikiki. Picha niliyompiga siku ile imetundikwa sebuleni: Papa bila kofia, kamba mkononi, ndama wa majivu kando yake. Wageni wakiuliza, anawajibu kwamba hiyo ni ngombe yake, iko China, inachungwa na rafiki. Wengine wanacheka, naye anacheka pamoja nao, lakini habadilishi jibu. Na saa sita yangu ya mchana imerudi. Simu inalia, ananiuliza habari za rafiki yake, nyasi za kule, mvua. Mara tatu nimeketi nimejiandaa kumwambia. Mara tatu nimemwambia mvua inanyesha vizuri.

Mwezi uliopita alinipa habari mpya. Jirani yake pale Goma ni mkulima wa muhogo aliyekimbia Kibua, kule Walikale, ana mke na watoto, hana hata jembe. Watu wake na watu wetu tumegombana miaka mingi juu ya ng'ombe kuingia kwenye maharagi. Ile nyeusi yetu peke yake ilituletea kesi nne. Mtu huyo hajawahi kumiliki ng'ombe maishani mwake. Papa amempa ndama wa kwanza atakayezaliwa na ng'ombe wa China. Alimwita nyumbani mbele ya pasta, akafunga kamba mpya kwenye mguu wa kiti, akaiweka viganjani mwake kwa mikono miwili, akarudi nyuma. Jirani na familia yake walikuja kesho yake kushukuru, wamevaa nguo za kanisa. Papa aliwafundisha yale maneno ya zamani.

"Umuulize muzee," akaniambia kwenye simu. "Saa hii inapaswa kuwa na mimba. Iko nayo?"

Nilikuwa ghalani, katikati ya maboksi. Nilikaa juu ya boksi moja.

"Iko nayo, Papa," nikasema.

Nilipokata, nilimpigia kaka nikamwambia atafute ndama jike wa kununua, popote pale ambapo bado wapo. Akaniuliza nimepata kichaa gani, saa hii watu wanakimbia na magodoro mimi nataka ng'ombe. Nikamwambia atafute tu, ni wa jirani. Papa atajua kwa kutupa jicho moja kwamba si wa China, pembe zitamwambia, sikio litamwambia. Sijui siku hiyo nitaficha wapi uso wangu. Kaka akavuta pumzi, akauliza basi awe wa rangi gani. Nikamwambia ya majivu.